Mnazi wa Ame

Serikali ilipoweka mipaka ya msitu wa Ngezi, watu wa Msuka waliokuwa na mashamba ndani yake walionyeshwa ardhi nyingine, wakahama shingo upande. Mivule ilikuwa imekatwa mpaka ikabaki ya kuhesabika, na sasa ilitakiwa ipandwe upya. Kazi ya kupanda wakapewa wanawake. Msimamizi wao alikuwa Zahran, kijana wa Madungu, mpole wa maneno, lakini sheria akiishika haiachii.

Kazi ilikwenda kwa nyimbo, na mwenye nyimbo alikuwa Bi Mwatima. Sauti ya mwanamke yule, subhana Allah! Mtu mzima, magoti yamemchoka, lakini akifungua kinywa majembe yote yanashuka pamoja. Yeye hutoa, wenziwe huitikia:

"Mche nimekuletea."

"Pokea, ardhi, pokea."

Maneno aliyatunga papo hapo. Siku nyingine alimwimba Zahran kuwa kofia yake nzuri kuliko kichwa chake, na wanawake wakaitikia vivyo hivyo huku wanashika mbavu. Ndiyo desturi yao: analotoa mwimbishaji haliachwi likaanguka. Liwe la furaha, liwe la utani, huitikiwa.

Asubuhi ile Bi Mwatima hakumtania mtu. Walikuwa wamefika kwenye lililokuwa shamba la marehemu mumewe, na mbele yao umesimama mnazi mmoja. Mjaka, jirani yake, alikuwa amechutama chini yake, ananoa shoka.

"Bwana Zahran," Mwatima akasema, "mnazi huu hauwezi kuachwa?"

"Bi Mwatima, wewe kwangu ni mama. Lakini amri ni kwamba chochote kilichopandwa kwa mkono ndani ya mpaka kikatwe, asije mtu kesho akadai shamba. Tunachokiacha ni kaburi tu. Penye kaburi hatugusi. Hapa pana kaburi?"

"Hapana."

"Basi una nini mnazi huu?"

"Mnazi tu."

Mnazi tu! Alivyolitamka neno lile, moyo ulimpasuka. Chini ya mnazi ule alikizika kitovu cha mwanawe Ame kwa mkono wake mwenyewe, akapanda nazi juu yake. Na mama hasemi kitovu cha mwanawe kiko wapi. Hasemi kwa shoga, hasemi kwa mume, maana hasidi akipajua mahali pale amempata mtoto. Uzima wake, akili zake, hata kurudi kwake nyumbani akiwa mbali, vyote vimefungwa pale. Siri hiyo huwekwa maadamu mtoto yu hai.

Na Ame ndiye aliyepotea. Alivuka kwenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, na chombo hakikufika. Hakikuonekana kitu, si mtu, si ubao. Imamu alipokuja na watu kumsalia sala ya ghaibu, Mwatima aliwatoa barazani. "Mnamzika mwanangu hai? Tokeni!" Basi hapakuwa na matanga, hapakuwa na hitima. Kitanda cha Ame kilibaki chumbani, na kila kamba zikilegea mama yake alikiwamba upya.

Alikuwepo na Moza, mke wa Ame, anayekaa kwa mavyaa yake si mke wala si mjane. Ujana wake ulikuwa unamwishia mle ndani. Angeweza kwenda kwa kadhi akapata haki yake, na mara moja alilitaja jambo hilo. Mwatima akamjibu, "Nenda, mwanangu. Akirudi nitamwambia hukumngoja." Moza hakulitaja tena. Sasa alikuwa pale pale, katikati ya wenziwe, jembe mkononi.

Mwatima akatazama shoka, akatazama mnazi. Akinyamaza, unaanguka, na kamba inayomvuta Ame nyumbani inakatika. Akisema, basi ni yeye, mama mtu, aliyemzika, kwa sababu hakuna mwanamke pale asiyejua kuwa siri ile haifunuliwi mtoto akiwa hai. Ya Rabbi, mtu mzima kama yeye kuwekwa baina ya mambo mawili kama haya! Alimchukia Zahran, aliichukia bahari, alimchukia hata Ame mwenyewe, aliyeambiwa asiende akaenda.

"Haya, kina mama," Zahran akasema. "Tuanze."

"Mche nimekuletea," Mwatima akaimba, na sauti ikatoka imekwaruza.

"Pokea, ardhi, pokea."

Shoka likashuka. Kipande cha gome kikamrukia Mwatima miguuni. Mjaka akalinyanyua tena, na hapo mama yule akatupa jembe, akaenda mbio na magoti yake mabovu, akaukumbatia mnazi. Mjaka aliuzuia mkono wake kwa shida.

"Bi Mwatima! Unataka kufa?"

Mwatima aliegemeza shavu kwenye gome, akaimba.

"Kitovu nilikizika hapa."

Hakuitikia mtu. Majembe yote yalisimama.

"Kitovu cha Ame wangu."

La mwimbishaji lilikuwa limeanguka chini, na nani angethubutu kuliokota? Kuitikia ni kumzika mtu. Wanawake waliinamisha vichwa, na Zahran, aliyezaliwa na mama naye, akavua kofia yake asijue pa kuiweka.

Ndipo ikatoka sauti moja, nyembamba, kutoka nyuma.

"Pokea, ardhi, pokea."

Mwatima akageuka. Alikuwa Moza. Jembe ameliweka chini, machozi yanamtiririka, na anavua bangili, moja baada ya moja. Akaitikia tena peke yake, kisha wenziwe wakamfuata, mpaka wote wakawa wanaimba na kulia.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Mjaka akasema, akaliweka shoka.

"Pandeni kuuzunguka," Zahran akasema taratibu. "Muuachie nafasi. Penye kaburi hatugusi."

Mwatima alimwendea mkwewe.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikufungia mlango."

"Twende nyumbani, mama," Moza akamwambia. "Nikakae eda."

Alasiri ile watu wakaja kwa matanga, na safari hii hawakufukuzwa. Mwatima aliingia chumbani, akakitandika shuka nyeupe kile kitanda alichokiwamba juzijuzi kwa ajili ya Ame, akamkalisha Moza juu yake. Jirani mmoja, mgeni wa mtaa, akachungulia mlangoni akauliza huyu mwanamke kijana ni nani.

"Mjane wa mwanangu," Mwatima akajibu.