Neno Lililobaki Tumboni mwa Popo

Kila asubuhi, kabla chai ya ofisini haijachemka, mtaalamu wa maabara alimviringisha popo mmoja kwenye kitambaa laini kama mtoto mchanga, akamwekea tumboni kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo, na kuwasikiliza bakteria. Popo wa chumba cha kwanza walikula mapera, papai na ndizi mbivu. Tumboni mwao kulikuwa na zogo la arusini: huyu anasimulia, yule anabisha, wengine wanaimba, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Hiyo ndiyo afya. Kituoni hakuna aliyeshangaa kwamba bakteria wanaongea. Tabu ilikuwa kuwanyamazisha wafagizi ili wasikike.

Popo wa chumba cha pili walinyweshwa unga mtamu uliokorogwa kwa maji. Unga huo ulitoka kwa kiwanda kilichofadhili utafiti, kiwanda hichohicho kilichougawa bure katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ukuta wa kituo. Mwanzoni matumbo yao yalikuwa na zogo kama ya wengine. Kisha waimbaji wakanyamaza, wabishi wakafuata. Mwishowe likabaki kabila moja tu la bakteria, limejaa pomoni, likirudia neno moja: "Ongeza."

Mtaalamu alimpelekea mkuu wa kituo popo mmoja. Mkuu aliweka pembeni karanga zake, akasikiliza.

"Ni kweli," alisema. "Wanasema ongeza."

"Wanakonda, bosi. Manyoya yanawatoka. Tuwarudishie matunda, na wale wa shule tuwaambie."

"Wewe andika ripoti, dada. Mimi siwezi kukata tawi nililokalia."

Jioni, nyumbani, mtaalamu alimkuta binti yake, kitinda mimba, anachora sakafuni. Binti alisoma darasa la pili katika shule ile. Hapakuhitajika kifaa, neno lilisikika mpaka jikoni, kwa sauti ileile ya chumba cha pili.

"Nani huyo anaongea?" mama aliuliza, ingawa alishajua.

"Hao wa tumboni. Hata wa rafiki zangu wanasema hivyo. Mwalimu anatuambia tuwanyamazishe wakati wa hesabu."

Ripoti aliiandika kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Alieleza waziwazi kwamba unga ule unaua kila kiumbe tumboni isipokuwa kile kinachoupenda, na kwamba hicho kinachobaki hakimwombei mwenye tumbo, kinajiombea chenyewe. Kiwanda kilimshukuru sana. Haukupita muda zikaletwa pakiti mpya, shuleni na kituoni, zenye picha ya popo mnene anayecheka, na chini yake maandishi makubwa: TUMBO LENYEWE LINASEMA ONGEZA. Kwenye kona, kwa herufi ndogo kama chawa, liliwekwa jina la mtaalamu, eti ndiye shahidi.

Mkuu alimpongeza mbele ya wafanyakazi wote, nao wakapiga makofi. Watu wazima hao, wenye shahada zao ukutani, na watoto wao wanasoma shule nyingine, wanabeba matunda kwenye vikopo. Hawana haya.

Siku hiyo mtaalamu aliomba ruhusa mapema, akapita sokoni, akachagua papai lililoiva vizuri. Alilimenya, akaondoa mbegu, akalikata vipande vya kutosha mdomo mdogo. Binti alionja kimoja, akakitafuna taratibu, kisha akakitema kiganjani kwa adabu.

"Tamu, mama. Ila hawalitaki."

"Na wewe, mwanangu? Wewe mwenyewe unataka nini?"

Binti alifikiri. Alifungua mdomo ajibu, lakini tumbo likamwahi.

Mama alikaa naye mezani, akangoja kama atasema jingine, mpaka nzi wakaanza kutua kwenye papai. Kisha akainuka, akaenda jikoni kukoroga unga ule wa pakiti.