Urefu wa Olow Wakati wa Alasiri

Saa tisa kasorobo, Jumatatu moja ya mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Eliamani aliwatoa nje wanafunzi wa darasa la sita, akachomeka fimbo ya futi tatu mchangani na kuwaambia wapime kivuli chake. Kilikuwa futi mbili. Kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa futi kumi na mbili. Akauliza mlingoti wenyewe una urefu gani.

"Kumi na nane," akasema Habibo, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye kwa kawaida alijibu swali kabla halijaisha. "Lakini mbona tunasumbuka, Mwalimu? Ngoja alasiri iingie. Mtu na kivuli chake watakuwa sawa. Unapima chini tu, unaenda kuswali."

"Na kama huna muda wa kungoja?"

"Hapa tuna nini kingine?"

Wenzake wakacheka. Eliamani naye akacheka, kisha akatazama kwenye geti kuona kama askari wamesikia.

Alikuwa mgeni. Kwao ni Same, Tanzania, milimani, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne. Chama cha kujitolea kilikuwa kimemuuliza angependa kufundisha wapi, naye akajibu kwamba apelekwe mahali pasipo na mwalimu wa hesabu. Wakampeleka huko, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Balambala, kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Wafugaji walikuwa wamekusanywa humo mwaka uliotangulia ili wasiwape maziwa shifta, waasi waliopigana na serikali. Geti lilifungwa saa kumi na mbili jioni. Aliyekutwa nje baada ya hapo alihesabiwa kuwa adui. Eliamani alilala na viatu miguuni.

Siku alipofika, mwalimu mkuu, Bwana Kioko, alimkabidhi ufunguo wa stoo, boksi la chaki, na onyo moja.

"Uwanjani kuna vivuli sita havina wenyewe. Usivikanyage. Watoto hawapendi."

Vilianzia kwenye mstari wa mawe meupe ambapo wanafunzi walisimama kila asubuhi kuitwa majina. Asubuhi vililala kuelekea magharibi, adhuhuri vikajikunja vikawa kama sahani, na mchana vikageukia mashariki, sawa na vivuli vingine vyote. Wanafunzi walisimama katikati yake wakaitika majina yao. Vilikuwa hapo tangu Desemba, siku magari ya askari yalipokuja kuchambua wanaume, kutafuta shifta. Wengi walirudishwa nyumbani. Sita hawakurudi, na kwenye kitabu cha ofisa wa kijiji waliandikwa kwamba wamevuka mpaka kuelekea mashariki, kujiunga na adui.

"Mwalimu," akasema Habibo siku ile ya fimbo, "tupime cha baba."

Hakungoja ruhusa. Alipiga magoti kwenye jiwe la tatu, akatandaza utepe, mwenzake akashika ncha nyingine. Inchi hamsini. Darasa likapiga hesabu kimya. Inchi sabini na tano. Futi sita na inchi tatu.

Eliamani alikiangalia kivuli kile kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kilikuwa na kichwa, shingo ndefu, mabega. Akatafuta mikono inaishia wapi.

"Iko nyuma, Mwalimu," akasema Habibo, akiandika jibu kwenye daftari. "Wote yao iko nyuma."

Akatazama vingine vitano. Ilikuwa kweli.

Kesho yake mama yake Habibo, Arbia, ambaye ndiye aliyekuwa akiiletea shule maji kwa punda, alimfuata mlangoni pa darasa. Hakushusha madumu.

"Mwalimu, mtoto ameniambia umepima mzee yangu."

"Nimepima kivuli, Mama Habibo."

"Hiyo kivuli ni Olow. Mimi nimelala kando yake miaka kumi na tano, nitakosa kujua? Alikuwa anagonga kichwa kwa mlango kila siku, na kila siku analaumu mlango." Akakaza kamba ya dumu. "Mzee Keynan, yule anaswalisha, amesema siwezi kukaa eda na mume yangu ni hai kwa kitabu. Nikivaa nyeupe, nitakuwa nimeua mtu hai. Na Ijumaa lori inakuja kuchukua watu wa nyumba za wale walivuka. Wale walichukuliwa mwezi jana hata salamu hawajatuma. Wewe unajua hesabu. Enda uambie ofisa atoe jina."

"Mimi ni mgeni hapa, mama."

"Ndiyo. Sisi wengine tukienda, hatutoki."

Bwana Kioko alipoambiwa, alifunga dirisha kwanza ndipo akajibu.

"Ndugu yangu, hesabu za hapa ziishie ubaoni. Mimi nina watoto watano Machakos. Wewe kwenu una nani?"

"Mama."

"Basi mfikirie."

Eliamani alimfikiria usiku mzima. Jumatano asubuhi alikwenda kwa ofisa.

Ofisa wa kijiji alikuwa mtu mpole kutoka bara, mwenye miwani. Alimpa kiti na chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu cha vipande vya utambulisho, akasoma kwa kidole: "Olow Abdille. Futi sita, inchi tatu. Kovu juu ya jicho la kushoto." Akafunga. "Hilo la kovu hatutaliweza. Urefu tunaweza kuuona. Nitakuja alasiri."

Alikuja saa tisa na nusu akiwa na kitabu, kiti na askari wawili. Mzee Keynan alisimama kando na fimbo yake ya kupimia wakati wa sala. Fimbo na kivuli chake vilipolingana, alitikisa kichwa kuashiria kuwa alasiri imeingia. Eliamani akatandaza utepe kutoka kwenye jiwe la tatu. Habibo akamshikia ncha. Futi sita, inchi tatu.

"Hesabu ni sahihi," akasema ofisa. "Huyu ni Olow."

Arbia, aliyekuwa nyuma ya punda wake, alishika kamba kwa mikono miwili.

"Basi litoe jina, bwana," akasema Eliamani.

"Pole pole, Mwalimu. Mimi naandika ninachokiona." Akaketi, kitabu magotini, akangoja.

Walingoja wote. Jua likashuka. Vivuli vilirefuka, futi kumi, futi ishirini, vikaufuata uwanja kuelekea mashariki. Saa kumi na mbili kengele ikagongwa na geti likafungwa. Dakika tano baadaye kichwa cha Olow kilifika kwenye seng'enge, kikapita chini ya waya wa kwanza, kikatokeza upande wa pili. Vingine vitano vikamfuata. Askari mmoja aliinua bunduki, akaishusha.

Ofisa alitazama saa yake, akaandika.

"Amevuka," akasema. "Kuelekea mashariki, baada ya saa kumi na mbili. Na sasa ninao mashahidi." Akavua miwani, akaifuta vumbi. "Nakushukuru, Mwalimu. Mwanzoni tulikuwa na maneno tu."

Kila mtu alirudi kwake haraka, akipita mbali na mawe.

Alhamisi alasiri Arbia alikuja na jora la bafta nyeupe.

"Niambie tena ile urefu, Mwalimu. Nakata sanda."

Akamwambia. Arbia akaikata, akaitandika kutoka kwenye jiwe la tatu kuelekea mashariki. Kivuli hakikufunikwa, kilikaa juu ya nguo. Kwa dakika chache kilienea sawasawa, bila kuzidi wala kupungua. Mzee Keynan aliitazama nguo ile kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akasimama mbele yake, akatoa takbira ya kwanza ya sala ya maiti. Wanaume tisa wakajipanga nyuma yake. Hakuna aliyerukuu.

Ijumaa lori lilikuja. Arbia alipanda akiwa amevaa nyeupe tupu, Habibo nyuma yake na daftari la hesabu kifuani. Askari wa getini alisoma orodha.

"Mke wa Olow, aliyevuka."

"Mjane wa Olow," akasema Arbia.

Askari akaweka alama palepale kalamu ilipokuwa, bila kubadilisha neno.

Jumatatu Bwana Kioko aliita majina kwenye mawe meupe. Alipofika kwa Habibo alisita, akaruka jina, akaendelea. Eliamani alifundisha uwiano, kisha asilimia. Hakuandika barua kwao, kwa kuwa barua zilisomwa na ofisa. Ila kila alasiri, kabla ya somo la mwisho, alitoka uwanjani, akaligeuzia jua mgongo na kunyoosha mikono pembeni, akaangalia kivuli chake chini mpaka aione yote miwili. Wanafunzi walimuiga bila kuuliza. Kufikia mwezi wa Mei lilikuwa jambo la kawaida: darasa zima limesimama juani, mikono imenyooshwa, kila mmoja akiangalia chini.