Simu za Mhandisi

Wivu ulimwingia Fundi pale mkewe alipoanza kupokea simu jikoni huku amefungulia bomba, maji yapige kelele.

Wenzake kwenye ghala la dawa walimwita Fundi kwa sababu yeye ndiye aliyetunza kompyuta zote pale. Mkewe naye kazi yake ilikuwa kutafuta matundu kwenye programu kabla wezi hawajayaona. Walizoea kusimuliana mambo ya kazini mpaka chai inapoa. Sasa mke kawa bubu. Simu ikiita, kwenye kioo linatokea neno “Mhandisi”, naye huyo anainuka.

Jumapili Fundi alijibanza ukutani nje ya jikoni, nguo alizotoka kuanua zikiwa begani. Akamsikia mkewe: “Hapana, mume wangu hajui lolote. Nitamficha mpaka siku yenyewe.”

Nguo zikamponyoka. Akaingia.

“Huyo mhandisi ni nani?”

“Mtu wa kazi.”

“Kazi gani ya kumficha mume?”

“Nimeahidi kutosema. Nivumilie, mume wangu.”

“Mwambie yeye akuvumilie!”

Akachukua mto wake akahamia sebuleni. Kazini akawa anajibu watu kwa mkato, akimpiga picha huyo Mhandisi: mrefu bila shaka, mwenye sauti nzito, na shati ambalo hakulipiga pasi mwenyewe.

Alhamisi asubuhi tangazo likamkuta mezani. Programu waliyoitegemea kulinda kompyuta zote za ghala kutoka seva moja, kompyuta kuu yao, ilikuwa na tundu la hatari kubwa. Mtu yeyote aliye mbali angeweza kuitumia seva ujumbe wa hila, nayo ikatekeleza amri zake bila kumwuliza neno la siri. Akishaishika seva, kazishika kompyuta zote. Watengenezaji walikuwa wametoa toleo jipya la kuliziba. Chini wakamshukuru aliyeligundua tundu hilo. Lilikuwa jina la mkewe.

Fundi akampigia.

“Umeshasoma?” mkewe akadakia. “Seva yenu inafikika kutoka nje?”

“Inafikika.”

“Ifunge sasa hivi, halafu weka toleo jipya. Tutagombana nyumbani.”

Akafunga, akaweka, akapekua kumbukumbu za seva. Hakuna mgeni aliyekuwa ameingia. Wenzake wakaja kumpongeza kwa kuoa mke hodari, naye akaitikia “asante” kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Jioni alimkuta mkewe anamenya viazi.

“Kumbe mgeni unamwamini kuliko mimi.”

“Yeye ni wa watengenezaji, ndiye aliyekuwa analiziba. Ningekwambia, ungeiacha seva yenu wazi?”

“Ningeifunga palepale!”

“Na bosi wako akiuliza kwa nini? Habari ingevuja, na ghala nyingine zinazotumia programu hiyo zikiwa bado wazi.”

Mkewe alikuwa na haki, na hilo likamuuma zaidi. Mhandisi alishamtoka moyoni. Aliyemwonea wivu sasa ni mkewe mwenyewe. Programu ile aliikodolea macho yeye kila siku ya kazi, lakini aliyeliona tundu ni mwingine.

“Natamani ningeliona mimi,” akasema kwa sauti ndogo.

Mkewe akaweka kisu chini, akafuta mikono. “Njoo nikuonyeshe nilivyolipata.”

Fundi akanuna kidogo, kisha akavuta kiti. Mkewe akafungua kompyuta, akaanza kumweleza. Tundu lenyewe lilikuwa rahisi ajabu, na urahisi ule ukamchoma upya. Hata hivyo hakuinuka.