Fundi Akinyamaza

Mjane alikuwa akilisha mashuka ya hospitali kwenye mashine ya kupigia pasi, mvuke ukimbabua viganja, huku anaimba besi. Ndiyo, besi! Mwanamke wa sauti ya pili, anajikamua koo hadi mishipa inamtoka. Wenzake hawakumcheka, maana besi ile ilikuwa ya marehemu mumewe, mwanakwaya na fundi wa boila iliyo nyuma ya ukuta.

Mumewe aliimba kutwa. Boila ikizidiwa ilipiga mluzi mwembamba, naye alinyamaza asikilize. Chumba kizima cha kufulia kilijua: fundi akinyamaza, weka shuka chini, toka. Siku boila ilipopasuka, walitoka wote wazima. Yeye alibaki kufunga mvuke, ukamuua.

Boila ikatiwa kiraka, ikapakwa rangi, ikawashwa. Fundi mwingine hakuletwa. Msimamizi alileta spika, nyimbo za injili asubuhi mpaka jioni, sauti ya kupasua masikio. "Ya kuwafariji, mama zangu," alisema, mkono kifuani. Faraja gani hiyo ya kuziba masikio!

Faraja yake mjane aliipata kwenye mazoezi ya kwaya. Besi zikiingia, alifumba macho akaamini kabisa kwamba Mungu hajamtupa, na kwamba mume wake anaimba mahali fulani. Alilia weee, kisha akaweza kula.

Leo sakafu ilikuwa inatetemeka.

"Shoga, mbona nyayo zinaniungua?" jirani yake alimpigia kelele sikioni.

Mjane akaenda akachomoa waya wa spika.

Msimamizi alikuja mbio. "Nani kazima?"

"Mimi."

"Unazima nyimbo za Mungu, wewe?"

"Mungu ananisikia hata nikiimba polepole, baba. Ni mimi nisiyeisikia boila."

"Boila imekaguliwa! Washa, au kesho usikanyage hapa. Una watoto, kumbuka."

Alikumbuka sana. Wawili, na chumba cha kupanga. Akaomba kimoyomoyo, Bwana, nishike, kisha akaianza tena besi ya mumewe. Wenzake wakaitikia, mmoja sauti ya kwanza, wengine ya pili, na kwa muda kidogo moyo wake ukatulia kama yuko kanisani. Msimamizi alipiga magoti chini ya meza ya spika, akiutafuta waya.

Nyuma ya ukuta, kitu kikapiga mluzi mwembamba.

Mjane akanyamaza.

Hakuna aliyeuliza. Mashuka yaliwekwa chini, wanawake wakaufuata mlango.

"Atakayetoka hana kazi!" msimamizi alifoka kutoka chini ya meza.

"Toka na wewe, baba," mjane alimsihi akiwa kizingitini. "Nakuomba. Toka."

"Nendeni! Wapo mia wanaozitaka nafasi zenu!"

Walikuwa wameshafika uani waliposikia spika imewaka tena, kwaya nzima ikimwimbia msimamizi peke yake.