Ardith Gaddy Arudi Kazini

Jumatatu iliyofuata mazishi yake, Ardith Gaddy aliingia kiwandani king'ora kilipolia, akafunga aproni na kuwasha mashine zake za kufuma. Wifi yake, Lorene Stamey, ndiye aliyemvisha gauni la kuzikiwa. Aliona kola imekaa upande, akamrekebishia, kila mtu akaendelea na kazi.

Vumbi la pamba ndilo lililomuua Ardith, kama linavyoua wengi pale Karolina, Marekani. Daktari wa kampuni aliandika kwamba ni moyo. Sasa kwa vile hapumui tena, msimamizi, Bwana Tarpley, alimwongezea mashine, naye akazimudu zote bila kukohoa. Tarpley alifurahi kupita kiasi. Akatangaza kwamba tangu wiki ile kila mfumaji atahudumia mashine nyingi kama Ardith.

Kifua cha Lorene nacho kilikuwa kimeanza kubana. Alijua wazi kwamba mzigo ule ungemmaliza.

Katika kelele zile hakuna sauti iliyosikika, ndiyo maana wafumaji walisomana midomo. Tarpley, mtu wa ofisini, hakuwahi kujifunza. Basi Ardith alisimama mbele ya macho yake na kuwaambia wenzake, kwa midomo tu, wajiunge na chama cha wafanyakazi, na Ijumaa wazime mashine. Tarpley alidhani ni umbea wa kanisani, akawapita.

Ijumaa Ardith alizima wa kwanza. Mashine zote zilipokufa, wapo waliosikia sauti za majirani zao kwa mara ya kwanza. Lorene alijaa fahari hadi machozi yakamtoka. Mwanamke yule hata kaburi lilimshindwa.

Kampuni iliita askari, ikatupa vitanda vya wafumaji nje ya nyumba zake walimopanga. Njaa ikawarudisha kazini. Chama hakikutambuliwa, na kila mfumaji alikuta mashine zimeongezwa vilevile.

Asubuhi ile ya kurudi Lorene alikohoa mpaka akainama. Ardith akamsogelea.

"Pole, wifi," midomo yake ilisema.

"Nakuja huko kwenu hivyo. Unishikie nafasi."

"Nimeshakushikia, hapa kando yangu. Ila usidhani unakuja kupumzika. Sisi wafu hatuna nyumba ya kufukuzwa, bibi wee. Mgomo ujao tunauanza sisi."

Lorene alicheka huku ameshika kifua, kisha akaenda kuunga uzi uliokatika.