Kijiko cha Glody

Ijumaa jioni mume wangu alipanga vijiko vyake vya kuvulia juu ya kitanda, akaanza kuchagua vya kwenda navyo bwawa la Vaal. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni namsuka Jocelyne, kitinda mimba wetu, nimembana kichwa katikati ya magoti ili asitoroke. Chumba chetu cha Berea, Johannesburg, ni kidogo, hata ukikaa sakafuni mambo yote ya kitandani unayaona. Niliona vijiko vitatu. Nikangoja cha nne, hakikutoka kwenye kopo.

"Papa Glody," nikasema, "unabeba vijiko ngapi?"

"Tatu inatosha, Mama Falonne."

Nilikaza msuko mpaka mtoto akalia.

Ignace, mume wangu, alikuwa mvuvi kule Kalundu, Uvira, kabla vita havijatufanya yeye mlinzi wa geti la watu mtaa wa Observatory na mimi msusi wa barabarani mjini. Chambo chake kilikuwa kijiko cha kulia, kile cha chuma kinachong'aa. Anakata mpini, anatoboa tundu huku na huku, anafunga ndoana nyuma, na kwenye ndoana anazungushia nyuzi za nywele za bandia nilizobakiza kwenye kusuka. Kikivutwa majini kinajipindua na kumetameta, na samaki mkubwa anadhani ni ndagala, yule dagaa wa kwetu, aliyeumia. Kila mtoto tuliyemzaa alipewa kijiko chake na rangi yake. Glody, wa kwanza, ni nyekundu. Falonne buluu, Armel njano, na huyu Jocelyne, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg, zambarau, kwa sababu siku ile sikuwa na rangi nyingine mkobani.

Kabla ya kutupa mshipi huita jina la mwenye kijiko, kisha husema, "Niletee." Ndivyo alivyofanya baba yake, naye akafuata. Vijiko vilipotea kila mara, maana ziwa la kwetu lina mawe. Kikipotea, alirudi nyumbani na jioni hiyohiyo akaiba kingine jikoni mwangu, ati mtoto asilale bila kijiko. Tuligombana juu ya vijiko kuliko juu ya kitu kingine chochote. Kuna Krismasi wageni walikula wali kwa mikono kwa sababu yake.

Tangu tuhamie huku hakuwahi kuvua. Kopo la vijiko lilikaa juu ya kabati, mpaka Shemasi Théodore wa kanisani kwetu, mwenye pikapu nyeupe, bakkie kama wanavyoiita huku, na maneno mengi, alipomwambia, "Ndugu, umenyauka, Jumamosi twende Vaal uone maji." Nilifurahi. Nilidhani maji yatamrudishia kitu.

Sasa nimtaje mtoto wangu. Tulimwacha Glody Uvira kwa bibi yake amalize masomo. Alipomaliza, mwaka 2016, akaanza safari ya kutufuata, kwa basi mpaka Lubumbashi, halafu kwa lori za mizigo kupitia Zambia. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa mpakani Chirundu. Alisema simu inazima, atapiga kesho, na kwamba nimpikie sombe, majani ya muhogo. Nilipika sombe. Niliuliza madereva, niliuliza mapasta, niliuliza watu waliopita njia ileile. Kila ofisi niliyoingia nilipewa kiti nikaambiwa nisubiri, na kusubiri ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua tayari.

Halafu mwaka huu wa 2018, mwezi wa tano, ndugu zake Ignace wakapiga simu kutoka nyumbani. Walitaka kuzika mgomba. Mtu akipotea na mwili usionekane, wazee hukata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika kwa jina lake. Watu hulia, hunawa, yanaisha. Nilimnyang'anya Ignace simu nikawaambia mwanangu si ndizi. Yeye hakukubali, hakukataa, alikaa tu anatazama viatu vyake vya kazi. Kesho yake asubuhi aliniomba maji ya kuoga, na badala ya kuniita Mama Glody, jina nililoitwa tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, akaniita Mama Falonne.

Tangu siku ile sikumsikia tena akilitamka lile jina. Mimi nilikuwa namwita Papa Glody asubuhi na jioni, kwa makusudi, mbele ya watu na tukiwa peke yetu, na yeye anaitika huku anaangalia pembeni. Nilijua maana yake. Huyu mwanamume amekwishamzika mtoto wangu kimyakimya, bila hata huo mgomba, na ameniacha nimsubiri peke yangu. Kumsubiri mtoto mkiwa wawili kunachosha. Kumsubiri peke yako kunatia wazimu, na mimi nilikuwa naukaribia.

Kwa hiyo vile vijiko vitatu kitandani havikuwa vijiko.

"Watoto yako iko ngapi?" nikamuuliza.

"Hélène, usianze."

"Nimeuliza tu. Mtu anaenda kuvua, anahesabu watoto yake. Ulizaa ngapi?"

"Ile maji siyajui. Navua kwa mguu, hakuna mtumbwi. Tatu inatosha." Akachukua kopo, likalia kidogo, maana cha nne kilikuwa bado ndani, akalirudisha juu ya kabati, nyuma kabisa, akalisukuma kwa vidole mpaka likagonga ukuta.

Jocelyne, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, akauliza kile kilichobaki ni cha nani. Nilitaka baba yake ajibu. Nilimtazama nikamwomba kwa macho, nusura nimwombe kwa mdomo, na yeye akaanza kukunja mshipi.

Asubuhi alipokwenda kuoga, nilipanda juu ya kiti nikalishusha lile kopo. Kijiko cha Glody kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha leso. Nilikitia kwenye mkoba wangu wa kusukia, kati ya vitana na mkasi. Nikamwambia Shemasi kwamba na mimi nakuja, na mtoto nakuja naye, wale wakubwa watabaki. Shemasi alisema nafasi ipo.

Vaal ni maji mengi lakini si ziwa. Ni bwawa, na upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unayakwangua mpaka yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kando yetu familia moja ilikuwa inachoma nyama. Shemasi alitoa fimbo zake mbili za kuvulia za dukani, akakaa kwenye kiti cha kukunja, akaanza kuwasimulia samaki habari za kanisa. Ignace alivua viatu, akatembea pembeni kidogo mahali penye mawe, mshipi wake umezungushwa kwenye kipande cha mti kama zamani.

"Falonne, niletee," akasema, akazungusha kijiko hewani na kukiachia. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono wake unavyokwenda.

Hakuna kitu. Akatupa tena na tena. Akabadilisha, akamwita Armel. Hakuna kitu. Akamwita Jocelyne, na mtoto akacheka kusikia jina lake linatupwa majini. Hicho cha zambarau kilinasa kwenye jiwe mara ya pili tu. Ignace alivuta kushoto, akavuta kulia, mshipi ukakatika.

"Kijiko yako imepotea," akamwambia mtoto bila wasiwasi wowote. "Tukifika nitakutengenezea ingine." Jocelyne akarudi kula chips zake.

Hapo nikafungua mkoba. Nilimwendea nikamwekea mkononi kile chekundu, bila leso.

Uso wake ulibadilika mpaka nikaogopa. "Hii imetoka wapi?"

"Juu ya kabati. Ulikuwa umeisahau."

"Sikuisahau." Alikifumba kiganjani. "Hapa kuna mawe, Hélène. Umeona. Ikipotea?"

"Ya Jocelyne imepotea sasa hivi. Jocelyne mwenyewe iko wapi? Si ile pale anakula?"

"Si sawa."

"Kwa nini si sawa? Niambie. Niambie kwa mdomo yako, Papa Glody, kwa nini ya huyu si sawa na ya wengine."

Alibaki amesimama na ngumi imefumbwa. Na mimi, badala ya kumhurumia, nikaona hasira imenipanda mpaka shingoni. Nikamwambia atupe na aite jina, na kama hawezi kuliita basi awapigie ndugu zake simu palepale wakate mgomba wao, mimi nitajua naishi na nani.

Alikifunga kwenye mshipi. Vidole vyake vilikosea fundo mara mbili, yeye aliyekuwa akifunga gizani. Akakizungusha, akakiachia kikaenda mbali kuliko vyote, na hakuita kitu.

Kilinasa.

Hakuvuta kushoto wala kulia. Alisimama ameushika mshipi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe na anaogopa kumkasirisha. Halafu akaingia majini na suruali yake, akiufuata. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Shemasi akainuka kwenye kiti.

"Ndugu, kata," akaita. "Kijiko moja tu. Hii maji iko baridi, itakuua."

Ignace akaendelea. Maji yalifika kifuani, na kila hatua alikuwa anayumba kwenye yale mawe. Anajua kuogelea, lakini mtu mwenye sweta na suruali nzito kwenye baridi ile hajui kitu. Niliona mgongo wake unakuwa mdogo. Mimi ndiye niliyemsukuma kule. Nilikuwa tayari nina mmoja ambaye sijui yuko wapi.

"Papa Glody, rudi," nikasema. Nikaingia mpaka magotini, kitenge kikalowa. "Rudi. Basi. Acha ipotee. Rudi tu."

Alisimama. Mshipi ulikuwa umekazwa mbele yake mpaka unatoa maji. Alitumbukiza mkono mmoja, bega likazama, kidevu kikazama, akawa anapapasa kule chini. Ndipo mshipi ukakatika. Nilijua kwa jinsi mkono wake mwingine ulivyorudi nyuma ghafla, mtupu.

Akabaki amesimama kwenye maji ya kifua. Nilidhani analia. Halafu akafungua mdomo akaita, "Glody."

Mara ya kwanza ilikuwa ya chini, ya mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Mara ya pili iliwafanya wale wachoma nyama wageuke. Aliita upande wa maji, akaita upande wa barabara, akaita tena, jina tupu, bila kusema niletee. Jocelyne aliacha chips akaja kunishika kitenge. Shemasi Théodore, mtu wa maneno mengi, alivua kofia. Mimi nililia mpaka nikakaa kwenye mawe, kwa uchungu na kwa aibu, na pia, Mungu anisamehe, kwa nafuu, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine duniani anayemwita.

Sauti ilipomwishia akarudi. Tulimvua sweta, tukamfunga blanketi la Shemasi, tukamkalisha mbele karibu na hewa ya moto ya gari. Meno yake yaligongana njia yote. Tulipoingia mjini Shemasi akasema tu kwamba robot ya kona ile, taa za kuongoza magari, imeharibika tena. Kumbe alikuwa amepata kambale mmoja wakati tunahangaika. Alituachia sisi, akakataa tulipotaka kumrudishia.

Jikoni kwetu tunashirikiana na vyumba vingine viwili. Falonne alikuwa anamkata kambale, mimi nakoroga chai ya tangawizi kwenye sufuria. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuwa na hasira wala matumaini, nilikuwa tu na mkono unaokoroga. Bado sikujua kama lile jina lilitoka ili likae, au lilitoka kama watu wanavyolia makaburini, mara moja, wakanawa, wakaenda zao.

Ignace alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa nguo kavu, na mkononi ameshika tupa yake ya kunolea, ile aliyokuja nayo kutoka Kalundu.

"Nimepoteza mbili leo," akasema. "Ya Jocelyne, na ya mukubwa wake." Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. "Mama Glody, nipe vijiko."

Vijiko vyangu vyote ni saba. Nilifungua droo nikatoa kimoja. Kisha nikakitoa kile kilichokuwa kwenye chai, kikubwa zaidi, nikakifuta kwa kitenge, nikampa kikiwa bado cha moto.