Siku Mguu wa Mjomba Ulipokwenda Kuchagua Shotgani

Usiku wa jana niliota ndoto, na kabla sijaisimulia naomba jambo moja lieleweke: kwa habari za bunduki, hapa Mkongoleni hakuna wa kunifundisha. Nilimaliza kidato cha sita, nikaenda kambini kwa mujibu wa sheria, na huko nilishika bunduki mpaka viganja vikaota sugu. Sugu zenyewe hizi hapa. Anayebisha aje azipapase.

Ndiyo maana Mjomba Longinus alinichagua mimi. Msimu uliopita nguruwe pori waliingia kwenye mahindi yake, akawaelekezea gobole lake la urithi, gobole likakohoa moshi na kunyamaza. Nguruwe mmoja hakunyamaza. Alimchana mjomba mguu wa kushoto, na tangu siku hiyo mguu ule unaburuzwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Sasa kibali cha kumiliki shotgani kimetoka. Anataka ile ya pampu, ya kuvuta nyuma na kusukuma mbele, na leo asubuhi tulikuwa twende mjini kuichagua. Mpya au iliyotumika, alisema, uamuzi ni wako wewe mwanajeshi.

"Ila ukumbuke, mpwa wangu," akaongeza, "mguu mzima umenibaki mmoja."

Nikamwambia akalale bila wasiwasi. Na mimi nikaenda kulala.

Basi ndotoni nipo mlangoni pa duka la silaha, na pembeni yangu umesimama mguu. Mguu tu. Unaanzia gotini, suruali imekunjwa vizuri, chini umevaa sandali ya tairi. Nikautambua kwa kovu la jembe kwenye muundi. Ni mguu wa kulia wa Mjomba Longinus.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu hata kama ni mguu, ni wa mkubwa wangu.

"Marahaba. Mwenyewe amelala. Nimekuja kusimamia."

"Kwani huniamini?"

"Mwenzangu wa kushoto aliamini gobole."

Tukaingia.

Muuzaji alikuwa kufuli. Kufuli kubwa la shaba, limekaa juu ya stuli nyuma ya kaunta, ufunguo wake limeuvaa shingoni kama mkufu. Lilitukaribisha vizuri tu, halafu likatusomea sheria ya nyumba: "Humu ndani kila kitu kinachukuliwa kuwa kina risasi. Hata ukiambiwa hakina."

"Sawa, naijua hiyo," nikasema, nikaegemea ufagio.

Duka zima likalala chini. Kufuli likalala, stuli ikalala, mguu ukajirusha nyuma ya gunia.

"Na ufagio?" nikauliza.

"Nimesema kila kitu," kufuli likajibu kutoka sakafuni.

Nikauweka ufagio taratibu, mpini ukiangalia ukuta. Wote wakainuka, wakajipangusa vumbi. Nikajifunza kutoa hata leso kwa adabu.

Karibu na mlango kulikuwa na bunduki moja imejitanda kanga mpaka machoni. Ilinikonyeza. Nikaisogelea.

"Unaitwa nani, dada?"

"Wewe unataka niitwe nani?"

Mguu wa mjomba ukanikanyaga. "Mtazame ubavuni," ukasema. Nikafunua kanga kidogo. Pale penye namba pamekwanguliwa kwa tupa, pamebaki pekundu kama goti la mtoto aliyeanguka.

"Bunduki iliyosahau jina lake ina kesi mahali," mguu ukasema. "Huyu tutakwenda naye nyumbani, na polisi watakuja kumsalimia."

Nikamfunika kanga yake, nikampa pole.

Tukabaki na wawili. Wa kwanza alikuwa mpya, anang'aa hata ukitaka kunyoa ndevu mbele yake unanyoa, bado amevaa nailoni ya kiwandani. Wa pili alikuwa mzee, kitako chake cha mbao kimelainika kama mwiko, hapana, kama fimbo ya mzee wa kanisa. Alikuwa wa bwana nyamapori mmoja aliyestaafu.

"Kaka," mpya akaanza kabla sijamsalimia, "mimi sijaguswa na mtu."

"Umewahi kufyatua?"

"Nipo kwenye kalenda nikifyatua."

Nilivutiwa, siwezi kuficha. Nikamgeukia yule wa zamani. "Na wewe, bibi?"

"Mume wangu," akajibu, na nikajua moja kwa moja kwamba huyu ni bibi wa kweli, maana bibi yangu naye hunitania hivyo hivyo. "Mume wangu, mimi nimefyatua mpaka nimechoka. Nimenyeshewa, nimeanguka mtoni, nimelaliwa na mbwa. Uliza lingine."

"Umewahi kukwama?"

"Kukwama ni kwa vijana."

Kufuli likagonga kaunta. "Bunduki sharti ikukae begani," likasema.

Mpya akapanda begani mwangu. Akakaa, akakunja nne, akaanza kulalamika kwamba bega langu ni jembamba, halina hadhi, na je, hakuna mto? Nikamshusha. Bibi akapanda. Akajisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, akatulia, baada ya muda nikasikia anakoroma.

"Andika hiyo," mguu ukaniambia.

"Sina kalamu."

"Basi kumbuka."

"Sasa mchungulie mitutu," kufuli likasema. "Lakini kwanza chemba."

Nikafungua chemba zote mbili, nikaingiza kidole kuhakikisha ni tupu, mguu nao ukaingiza kidole gumba kuhakikisha kidole changu hakikosei. Kisha nikachungulia mtutu wa mpya, na papo hapo nipo ndani yake. Ukumbi mrefu, mweupe, unanuka rangi. Hakuna mtu. Nikisema "hodi" sauti inakwenda na haijibiwi. Nikatoka upande wa pili bila kukutana hata na buibui.

Nikachungulia wa bibi. Ukumbi ule ule, lakini umesuguliwa na miaka, umenyooka, mwanga unateleza ukutani mpaka mwisho. Karibu na mdomo amekaa mzee mmoja mwekundu kwenye mkeka. Ni Kutu.

"Hujambo, mzee. Umekaa hapa siku nyingi?"

"Kukaa gani, mwanangu! Yule bwana nyamapori alikuwa ananifukuza kila jioni kwa kitambaa cha mafuta. Nimepata kutandika mkeka juzi juzi tu, alipostaafu."

"Hujachimba mashimo?"

"Nichimbe saa ngapi? Hata kikombe cha maji sijapewa."

Nikapitisha leso. Mzee Kutu akakunja mkeka wake, akaniaga, akaondoka. Alipokuwa amekaa hapakuwa na shimo hata la kupotezea punje ya mtama.

Niliporudi dukani nikakuta mteja mwingine. Nguruwe pori, amevaa koti, amekaa kwenye kiti cha wageni na magoti pamoja.

"Habari za hapa," akasema. "Msinijali. Nimekuja kusindikiza."

Mguu wa mjomba ukaanza kutetemeka. Sandali ilikuwa inagonga sakafu kama cherehani.

"Mimi kama jirani wa mashamba yenu," nguruwe akaendelea, "ningewashauri mchukue mpya. Kitu kizuri hiki. Kinang'aa. Mimi mwenyewe nikikiona shambani nitafurahi sana."

"Umesikia?" mpya akasema. "Hata wateja wa mwisho wananisifu."

Kufuli likaniletea risasi bandia, zile zisizo na baruti, za kujaribia tu. "Pampu," likasema, "haichaguliwi kwa macho. Ipakie, uikoki."

Nikampakia mpya. Nikashika kile kishikio cha mbele kwa ncha za vidole, nikavuta kama mtu anayefungua mlango wa sebule ambamo wakwe wanasali.

Ikafika katikati, ikakwama. Ganda limetoka nusu, limebana, linanitazama.

Kisha nguruwe akapiga makofi. Makofi ya kwato yana sauti mbaya.

"Kambini mlikuwa mnakoki hivyo?" mguu ukaniuliza.

"Kambini," nikasema, nikikohoa kidogo, "kambini sisi tulikuwa na utaratibu wetu..."

Nilipotamka "kambini" mara ya pili, duka likaondoka. Tupo jikoni. Jiko la kambi lenyewe, moshi wa kuni, na sufuria ya ugali ambayo ng'ombe angeweza kuoga ndani yake na ndama wake. Pembeni ya sufuria umesimama mwiko mrefu kuliko mimi.

"Kuruta Castory," mwiko ukasema, "mbona umechelewa? Maji yamechemka."

Goti la mjomba likanigeukia polepole. "Mnafahamiana?"

"Kwa mbali," nikasema.

"Kwa mbali!" Mwiko ukacheka mpaka unga ukapukutika. "Hizo sugu za viganjani ni zangu zote. Huyu tangu aje hakutoka hapa jikoni. Bunduki aliishika siku ya kupigwa picha, tena ya kuazima, na aliishika kama anavyonishika mimi."

Nilitaka kusema huo mwiko una chuki binafsi, lakini nafasi sikuipata. Nguruwe alikuwa ametufuata. Amevua koti. Alikuwa anakua, amefika urefu wa meza, sasa wa mlango, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mguu.

"Nimeonja wa kushoto nikaona ni mzuri," akasema kwa adabu ile ile. "Nitaomba na wa kulia."

Mguu ukarudi nyuma mpaka ukagota kwenye mafiga. Haukupiga kelele. Ulisema tu, "Castory, mwanangu, mwenye mimi ana shamba la kupalilia."

Mikononi mwangu nikakuta nimemshika bibi. Ameshapakiwa. Nami, mtaalamu mzima, nikamshika tena kwa ncha za vidole.

"Mume wangu," bibi akasema, "acha haya za ukweni. Ile kazi unayoijua ni ipi?"

"Ugali," nikasema. Mbele ya mguu na wote.

"Basi nisonge!"

Nikaacha kufikiria bunduki. Nikafikiria kombania nzima yenye njaa na ugali unaoanza kushika. Nikapanua miguu, nikakaza mkono, nikavuta mpaka mwisho, nikasukuma mpaka mwisho, bila kubembeleza. Kra-chak! Ganda likaruka, jingine likaingia. Kra-chak! Likaruka tena. Maganda yanadondoka jikoni kama maharage yanayochambuliwa, hakuna lililobana, hakuna lililosita.

Sikufyatua hata moja. Nguruwe aliposikia mlio ule akasimama, akashuka urefu wa mlango, akashuka wa meza, akaokota koti lake.

"Samahanini," akasema, "nimekumbuka nina kikao." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Mimi ni mtu wa haki. Nikamchukua na mpya, nikamkoki kwa mkono ule ule wa ugali, mpaka mwisho na kurudi. Akakwama tena, pale pale.

"Si kosa lake kuwa kijana," bibi akasema. "Ila ukucha wake wa kung'olea ganda ni wa bati. Huo haukui."

"Kwenye kalenda sikukwama," mpya akasema, akalia kidogo.

Uamuzi ukapita. Nikaupa mguu heshima zake, kisha nikaupeleka pembeni, nyuma ya kuni.

"Mzee Mguu, naomba haya ya jikoni yaishie hapa hapa. Mjomba asijue."

"Mimi mguu, mwanangu. Mdomo nitautoa wapi?"

"Si unaongea sasa hivi?"

"Hii ni ndoto."

Nikafurahi, nikaushukuru sana. Wakati tunatoka ukakanyaga ukoko uliomwagwa karibu na sufuria, ukateleza kidogo, nikaudaka. Ndipo nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mjomba Longinus alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, fimbo ukutani, amevua sandali ya kulia, anajikanda kisigino.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanajeshi, uko tayari? Mimi nimeamka huu mzima unauma kama umezunguka mji. Wa kushoto hata hauna habari."

Nikasema ni baridi. Nikaanza kumwelewesha kwamba nimeshalifikiria suala kwa kina, kitaalamu, na kwamba ile iliyotumika ya bwana nyamapori ndiyo ya kuchukua, ila tuikoki kwanza kwa risasi bandia, tena kwa nguvu.

"Umefikiriaje bila kuiona?"

"Uzoefu, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa. Akageuza sandali kutoa udongo, akakuta kitu kimeganda kwenye tairi. Akakikwangua kwa ukucha, akanipa.

"Hebu tazama hiki. Kwangu jana tumekula viazi."

Nikakipokea, nikakinusa, na mdomo ukatangulia akili. "Huu ukoko, mjomba. Wa sufuria kubwa, ile ya watu mia na zaidi. Moto wa kuni mbichi, na aliyesonga alichelewa kuvuta vijinga, ndiyo maana umeungua upande mmoja."

Mjomba akautazama ukoko, akanitazama mimi. "Haya yote kambini walikufundisha kwenye shabaha?"

Nikatazama chini nitafute jibu. Pale chini, mguu wa kulia wa mjomba ulikuwa umetulia vumbini bila sandali, na kidole gumba kimenyanyuka. Peke yake. Kimeninyookea mimi, na kilikuwa hakiteremki.

Mjomba naye akakiona. Akakifuata kwa macho mpaka kilipoelekea, akaishia kwenye viganja vyangu.

"Lete mkono," akasema.

Nikaleta. Akapapasa sugu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayechagua mbegu. Halafu akavaa sandali, akachukua fimbo yake, akainuka.

"Basi utaikoki wewe," akasema. "Twende, mpishi."